Kwa nini pentatoniki maina inakubalika juu ya kodi ya meja, na kwa nini solo zangu zote zinafanana?

#1 Kidole cha Nne
Wakuu, salaam. Nina miaka mitatu na gitaa, na muda wote huo nimekuwa nikipiga solo ndani ya boksi moja tu (umbo moja la vidole shingoni mwa gitaa), lile la pentatoniki maina ya A, skeli ya nota tano, linaloanzia freti ya 5. Nota zake ni A, C, D, E na G, na anayetaka ladha ya bluzi huongeza Eb katikati ya D na E. Boksi hilo nalipiga hata nikiwa nimefumba macho.

Nina maswali mawili ambayo naona yana undugu. La kwanza ni kwamba mzunguko wa bluzi ya A huanza na kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya A7, ambayo ndani yake mna C#, ilhali mimi juu yake napiga C. Kwa nadharia tuliyofundishwa, nota hizo zilipaswa kugombana, kwa kuwa kati yao pana nusu toni tu, yaani freti moja, lakini sikio halilalamiki, tena linafurahi. Kwa nini? La pili ni kwamba, ikiwa skeli hii ni nzuri kiasi hicho, mbona solo yangu ya Jumatatu ni ileile ya Ijumaa? Dai langu ni kwamba pentatoniki ni mlango mzuri wa kuingilia, ila chumba chake hakina dirisha. Nipingeni.

#2 Nyuzi Sita
Nakupinga, mkuu, na naanza na swali la kwanza. Nota hizo hazigombani kwa sababu wewe hupigi C. Jirekodi kisha usikilize polepole mahali ambapo kidole chako cha shahada kinatua uzi wa tatu, freti ya 5. Karibu kila mpiga bluzi huuvuta uzi huo kidogo kuelekea sakafuni bila hata kufikiri, na sauti inapanda ikaishia mahali fulani kati ya C na C#, mahali ambapo gitaa halina freti. Sikio husikia nota inayoelekea kwenye C# bila kufika, na ile safari ndiyo bluzi yenyewe. Piga C hiyohiyo ikiwa imenyooka, bila kuvuta wala kutikisa uzi, uishikilie juu ya A7 kwa vipimo viwili (mafungu mawili ya mapigo), ndipo utakaposikia ugomvi unaousema.

#3 Mkavu
Maelezo ya Nyuzi Sita yanapendeza, ila yana tundu. Kinanda hakivutiki, na bado kuna wapiga bluzi wa kinanda tangu enzi na enzi. Ikiwa siri ni kuvuta uzi, wao wanavuta nini?

#4 Kinanda
Mmenitaja, nimefika. Sisi hatuvuti, tunatelezesha. Katika bluzi ya C, kidole kinagonga Eb, ambayo ni ya kibao cheusi, kisha kidole hichohicho kinateleza na kudondokea E, ambayo ni kibao cheupe kilicho pembeni yake. Kwa nukta ndogo sana nota mbili zinalia pamoja, na sikio linapata ile sauti ya katikati ambayo kinanda hakina. Katika bluzi ya A jambo hilo haliwezekani kwa kidole kimoja, kwa maana C ni nyeupe na C# ni nyeusi, nawe huwezi kuteleza kupanda kilima, hivyo inabidi utumie vidole viwili na ladha si ileile. Ndiyo maana wapiga gitaa wakisema "tupige ya A" au "ya E", mimi huguna kidogo kabla ya kukubali.

Kwa hiyo, Mkavu, hoja yako inamsaidia Nyuzi Sita badala ya kumwangusha. Hata sisi tusio na nyuzi za kuvuta tunahangaika kuitafuta sauti hiyohiyo.

#5 Freti ya 12
Naomba nilete fizikia. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Ndani yake mna sauti nyingine nyembamba zaidi ambazo mitetemo yake ni mara 2, 3, 4, 5, 6, 7 ya mtetemo wa msingi, na kuendelea. Wataalamu hupima umbali wa sauti kwa senti, na nusu toni moja ya kinanda ni senti 100. Kwa uzi unaolia A, sauti ya tano katika mfululizo huo ni C#, lakini iko senti 386 juu ya A, si 400 kamili kama freti inavyodai. Sauti ya saba ni G, nayo iko senti 969, ilhali G ya freti iko 1000. Maana yake ni kwamba freti zetu ni maafikiano, si ukweli wa uzi wenyewe, na G inakosea kwa senti 31, kiasi ambacho sikio lolote lililotulia hulisikia.

Sasa tazameni C. Ukichukua D, yaani kodi ya nne katika bluzi ya A, sauti yake ya saba ni C, lakini ni C ya chini kidogo, senti 267 tu juu ya A. Dai langu ni kwamba nota za bluzi ni zile sauti za saba za A na za D ambazo sikio linazijua kutoka kwenye uzi, nazo zimelazimishwa kukaa kwenye freti zisizo zao.

#6 Mkavu
Hesabu ni safi, mkuu Freti ya 12, isipokuwa inakwenda upande usio wake. Nadharia yako inataka C ishuke hadi senti 267, ilhali vidole vya kila mpiga gitaa ninayemjua vinaipandisha kutoka 300 kwenda juu. Uzi wa gitaa huvutwa ukapanda, hauvutwi ukashuka. Kwa G ninakubaliana nawe nusu, lakini kwa C umetupa jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

#7 Bundi wa Usiku
Kodi, senti, maafikiano, na sasa hesabu kwenda upande usio wake. Mtu akipita hapa haraka atadhani uzi huu ni wa uchumi.

#8 Mwalimu wa Solfa
Nimeishi na kwaya kuliko gitaa, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya solfa. Pentatoniki maina ni la, do, re, mi, so. Pentatoniki meja ni do, re, mi, so, la. Ni nota zilezile, ila nyumbani pamehama. Watu wengi hujifunza maboksi matano ya moja na matano ya nyingine kana kwamba ni mizigo kumi, ilhali mzigo ni mmoja.

Kuhusu kwa nini haikosei, jibu ni rahisi kuliko senti. Anzia C, upande kwa hatua ya tano kila mara, utapata C, G, D, A, E. Hapo simama. Ukizipanga nota hizo tano kwa mfuatano una pentatoniki, na zilizobaki nje kukamilisha skeli ya C meja ni mbili tu, F na B. Hizo ndizo zinazoleta nusu toni, E na F, B na C, na zenyewe kwa zenyewe zina ule umbali wa toni tatu unaosikika kama mlango usiofungika. Waondoe wakorofi wawili hao, waliobaki hawana cha kugombania. Hiyo ndiyo siri ya kila pentatoniki duniani: haina nusu toni ndani yake.

#9 Sina Pupa
Mwalimu, nashukuru, ila "kila pentatoniki duniani" ni neno kubwa. Pentatoniki maana yake ni nota tano tu, si lazima ziwe hizo. Muziki wa Ethiopia una tizita ya aina mbili. Ile ya meja ni C, D, E, G, A, kama ulivyosema, lakini ile ya maina ni C, D, Eb, G, Ab, na humo mna nusu toni mbili, D na Eb, G na Ab. Ni nota tano na ina maumivu yote unayoyataka. Tuseme kwamba pentatoniki ambayo wapiga gitaa wengi wanaijua haina nusu toni.

#10 Mwalimu wa Solfa
Nimesahihishwa, na nimekubali. Neno "kila" nalifuta.

#11 Mwanafunzi Mzee
Mimi nilianza gitaa nikiwa na miaka 54, kwa hiyo mnisamehe nikirudisha mazungumzo kwenye historia, ambayo nimeisoma zaidi kuliko nilivyofanya mazoezi. Bluzi ilizaliwa kwa Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, na rekodi za kwanza ni za Robert Johnson mwaka 1936. Nota ya bluzi ni moja, ile Eb aliyoitaja mwenye uzi, na katika boksi la freti ya 5 inapatikana uzi wa nne, freti ya 6. Hiyo C mnayobishania ni nota ya kawaida ya skeli ya maina.

#12 Sina Pupa
Mzee wangu, shikamoo, na uniwie radhi kwa sababu nina masahihisho matatu. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 mwaka 1936 na 1937, lakini bluzi ilikuwa kwenye santuri miaka mingi kabla yake, kwa mfano Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" mwaka 1920. Pili, uzi wa nne, freti ya 6 ni G#. Eb iko uzi wa tano, freti ya 6, na nyingine uzi wa tatu, freti ya 8.

La tatu ndilo zito. W. C. Handy, aliyechapisha "Memphis Blues" mwaka 1912 na "St. Louis Blues" mwaka 1914, alieleza kwamba alijaribu kuiga sauti za waimbaji kwa kushusha nota ya tatu na ya saba. Ya tatu na ya saba, si ya tano. Kwa A hizo ni C na G. Kwa hiyo C tunayoibishania hapa ndiyo nota ya bluzi yenye cheo cha zamani, na Eb mnayoipenda ni mgeni aliyepewa kiti cha mbele.

#13 Mwanafunzi Mzee
Marahaba. Kumbe ndiyo maana Eb yangu ilikuwa inalia vibaya mwezi mzima.

#14 Bundi wa Usiku
Mwezi mzima uzi wa nne, freti ya 6, na hukushtuka? Mzee, hilo nalo ni kipaji.

#15 Mpita Njia
Mnazunguka mbali wakati asili inajulikana. Sikilizeni gitaa la Ali Farka Touré wa Mali, aliyefariki mwaka 2006, au makundi ya Watuareg wa Sahara, mtasikia pentatoniki ileile, uzi mmoja ukivuma chini bila kubadilika na sauti ikizunguka juu yake. Touré mwenyewe hakuchoka kusema kwamba mizizi ya bluzi iko kwao. Mtafiti Gerhard Kubik naye, katika kazi yake ya mwaka 1999, aliunganisha sauti za bluzi na muziki wa ukanda wa savana wa Afrika Magharibi. Watu waliopelekwa utumwani walibeba masikio yao. Walipokutana na kodi za Kizungu hawakuziacha nyimbo zao, waliziimba juu ya kodi hizo. Kwa hiyo C haikuwekwa juu ya A7 na mtu aliyekosea wala aliyefanya hesabu. C ilikuwepo kwanza, A7 ndiyo iliyokuja chini yake.

#16 Mkavu
Hoja ya Mpita Njia ndiyo iliyonigusa zaidi mpaka sasa, ila mfano wake una mtego. Touré alizaliwa mwaka 1939 na alizisikia santuri za John Lee Hooker, mpiga bluzi wa Marekani. Ukisikia mfanano kati ya gitaa lake na bluzi ya Marekani, utajuaje ni babu anayefanana na mjukuu au ni mjukuu aliyerudi kumfundisha babu? Ushahidi mzuri zaidi ni ala za kale na nyimbo zisizo na gitaa kabisa.

Jambo jingine ni kwamba Hooker mara nyingi hakubadili kodi hata mara moja, wala hakuhesabu vipimo 12. Alikaa kwenye kodi moja na kuhama alipotaka. Juu ya mvumo wa A na E pekee hakuna C# ya kugombana nayo. Swali la mwenye uzi linakuja pale tu mtu mwingine anapopiga A7 kamili.

#17 Besi Nzito
Hatimaye mtu ametaja kodi zilizo chini. Mimi ni mpiga besi, na kutoka huku chini naona mnaizungumzia C kana kwamba ina tabia moja muda wote, ilhali kila kodi ikibadilika, C inabadilika ukoo.

Chukueni bluzi ya A ya vipimo 12: vinne vya A7, viwili vya D7, viwili vya A7, kisha kimoja cha E7, kimoja cha D7, kimoja cha A7 na kimoja cha E7 cha kurudishia. Juu ya A7 (A, C#, E, G) nota ya C ni mgeni mwenye mvutano. Juu ya D7 (D, F#, A, C) C ni mtoto wa nyumba, ndiyo ile nota ya saba inayoifanya kodi iwe D7. Juu ya E7 (E, G#, B, D) C inaning'inia karibu na B na inaomba kushuka. Mpiga solo anayeshikilia C kuanzia kipimo cha 1 hadi cha 6 hajabadilisha kitu kidoleni, lakini msikilizaji amesikia mvutano ukipata suluhu, kwa sababu kodi ilisogea chini yake. Huo ndio uchawi wenyewe kwa maoni yangu. Skeli imetulia na nyumba inazunguka.

Jaribio ni hili. Katika vipimo vinne vya kwanza, piga C kisha gonga C# palepale kwa kidole kinachofuata, uzi wa tatu, freti ya 5 kwenda ya 6. Kipimo cha 5 kikiingia, rudi kwenye C peke yake. Nota moja tu imebadilika, na mtu aliye chumba cha pili atajua kodi imehama hata besi ikizimwa. Ukikosea ukaiacha C# ilie juu ya D7 utanikumbuka, kwa maana hapo inagongana na C na D kwa pamoja.

#18 Kidole cha Nne
Nimejaribu usiku huu, Besi Nzito, na nywele zimenisimama. Asante. Lakini nimejaribu pia ushauri wa mtu mmoja aliyenifundisha zamani, kwamba nihamishe boksi langu freti tatu nyuma, lianzie freti ya 2, ili nipate pentatoniki meja ya A, yaani A, B, C#, E, F#. Vipimo vinne vya kwanza vilisikika vitamu mno, karibu kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Kipimo cha 5 kilipoingia nikaendelea na C# yangu kwa furaha, na hapo rafiki yangu anayepiga kodi akaacha kupiga, akanitazama.

#19 Besi Nzito
Alifanya vyema kuacha. Alikuwa anakupa muda wa kutubu.

#20 Nyuzi Sita
Huyo aliyekufundisha hakukosea, ila alikupa nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mabingwa hawahami kutoka boksi moja kwenda jingine kama mtu anayehama nyumba, wanachanganya. B. B. King alikuwa na eneo dogo alilolipenda kiasi kwamba wapiga gitaa wamelipa jina lake. Katika ufunguo wa A, weka kidole cha shahada uzi wa pili, freti ya 10, hapo ni A. Freti ya 12 ya uzi huohuo ni B. Uzi wa kwanza unakupa C# freti ya 9, D freti ya 10 na E freti ya 12. Uzi wa tatu, freti ya 11 ni F#. Nota sita tu, na kiganja hakisogei.

Utamu uko kwenye ile B. Ukiivuta kwa nusu toni unapata C, ladha ya maina, na ukiivuta kwa toni nzima unapata C#, ladha ya meja. Mahali pamoja, kidole kimoja, na hisia mbili zinazotofautishwa na nguvu ya mkono. Kodi ikiwa A7 vuta hadi juu, ikiwa D7 vuta nusu. Sikilizeni onyesho lake la Chicago la mwaka 1964 lililotolewa kwa jina la "Live at the Regal", mtasikia jinsi anavyokaa kwenye eneo dogo namna hiyo bila kumchosha mtu.

#21 Mwanafunzi Mzee
Kuvuta toni nzima kwa kidole cha shahada, mimi ambaye kidole kinauma hata kufunga vifungo?

#22 Nyuzi Sita
B unaivuta kwa kidole cha pete, Mzee, na kile cha kati na cha shahada vinakaa nyuma yake kusaidia kusukuma. Mkono unazunguka kama unaofungua kitasa, vidole havifanyi kazi peke yake. Na ukague nyuzi zako. Seti ambayo uzi wake wa kwanza ni 0.009 ya inchi inavutika kirahisi kuliko ya 0.011, na muhimu zaidi ni kwamba uzi wa tatu uwe mtupu, usiwe umezungushiwa waya. Zamani seti nyingi zilikuwa na uzi wa tatu uliozungushiwa, na kuvuta toni nzima hapo kulikuwa adhabu, kiasi kwamba wapiga gitaa wa miaka ya 1950 waliazima nyuzi nyembamba za banjo.

#23 Freti ya 12
Nyongeza ndogo. Uzi ukipungua unene hadi 0.008, mtu mwenye mkono mzito huvuta kila nota bila kukusudia, na hata kodi zake zinatoka nje ya sauti. Wepesi nao una gharama.

#24 Kinanda
Uzi unaozungumzia nyuzi umefika mahali pa kupima unene wa nyuzi. Tafadhali turudi. Mwenye mada aliuliza pia kwa nini solo zake zinafanana, na hakuna aliyemjibu.

#25 Mkavu
Kabla hatujarudi, swali la kwanza bado lina jibu ambalo halijasemwa, nalo ni mahali C inapokaa. Chukua ile kodi ambayo Jimi Hendrix aliifanya maarufu katika "Purple Haze" mwaka 1967, E7 yenye nota ya tisa iliyopandishwa nusu toni. Ndani yake mna G# na G kwa wakati mmoja, yaani nota ya tatu ya meja na nota ya tatu ya maina katika kodi moja, na hakuna anayeziba masikio. Lakini tazameni mpangilio: G# iko chini na G iko juu kabisa, mbali nayo. Ukizipanga zikakaribiana nusu toni, kodi hiyohiyo inauma. Kwa hiyo solo ikipita juu na kodi ikiwa chini, C na C# hazikanyagani miguu. Kinanda athibitishe.

#26 Kinanda
Nimezijaribu sasa hivi. Zikitenganishwa ni tamu, zikibanwa pamoja ni kama mlango wenye kutu. Ila niseme ukweli, hata zikibanwa, nikizigonga haraka na kuziachia, bado ni bluzi. Kwa hiyo jibu lako limenishawishi nusu.

#27 Mwalimu wa Solfa
Kuhusu kufanana kwa solo, nina shaka na boksi lenyewe. Nyuzi za gitaa zimepishana kwa hatua ya nne, isipokuwa kati ya uzi wa tatu na wa pili, ambako ni hatua ya tatu ya meja. Boksi ni umbo ambalo limepatikana kwa sababu ya upangaji huo na ya upana wa kiganja. Muziki haukulichagua. Ukilifuata, vidole vinachagua nota iliyo karibu, na iliyo karibu ni ileile kila siku. Piga pentatoniki ya A kwenye uzi wa tatu peke yake: freti ya 2, 5, 7, 9, 12 na 14. Nota ni zilezile, A, C, D, E, G, A, lakini vidole havina mazoea hapo, na sikio linalazimika kuongoza. Mwanakwaya wangu mmoja alifanya hivyo kwa wiki mbili, na sentensi zake za muziki zikabadilika hata aliporudi kwenye boksi.

#28 Besi Nzito
Siamini kuwa tatizo ni nota. Ukiandika mdundo wa solo za Kidole cha Nne, naweka dau kwamba kila kifungu kinaanza pigo la kwanza na kinajaa hadi mwisho bila pumzi. Mtu huyo mpe nota zote 12, bado atafanana na jana. Mpe nota mbili, A na C, kwa mizunguko mitatu kamili, na umkataze kuanza pigo la kwanza. Mzunguko wa kwanza atachoka, wa pili atakasirika, wa tatu ataanza kupiga muziki.

#29 Mwanafunzi Mzee
Mimi sipigi vizuri, lakini naimba. Nimegundua kwamba nikiimba kifungu kwanza ndipo nikitafute kwenye gitaa, ninavuta pumzi, na palipo na pumzi pana nafasi. George Benson huimba nota zilezile anazozipiga, kwa wakati mmoja, na nilipomsikia nilidhani ni mbwembwe. Sasa naona vidole ndivyo vinavyomfuata.

#30 Mpita Njia
Au tatizo halipo. Kuna wazee wa bluzi waliopiga vifungu vilevile kwa miaka 40 na watu wakalipa kuwasikiliza. Nani amesema kufanana ni kosa?

#31 Kidole cha Nne
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nimefanya alivyosema Nyuzi Sita, nikajirekodi na kuipitisha rekodi kwenye tyuna (kifaa cha kupimia sauti ya nota kwa mshale), mzunguko mmoja wa vipimo 12 kwa mwendo wa polepole. Kila C niliyoipiga uzi wa tatu, freti ya 5, niliandika mshale ulipoishia. Juu ya A7 niliipiga mara saba, na mara sita mshale ulipita C ukasimama kati ya senti 20 na 45 juu yake, kila mara mahali tofauti. Mara moja tu ilikuwa C kamili, nayo ilikuwa kwenye kifungu cha haraka. Hapo nikasema Nyuzi Sita ameshinda.

Halafu nikafika D7. Niliipiga C mara nne, na zote nne zilinyooka kama rula. Rekodi hiyo niliifanya kabla ya kusoma maelezo ya Besi Nzito kwa makini, na wakati napiga sikuwa nafikiria kodi hata kidogo. Sasa nauliza, kidole kilijuaje?

Kuhusu kufanana, nota mbili za Besi Nzito zimenifikisha kwenye hasira. Mzunguko wa tatu bado.

#32 Nyuzi Sita
Kilijua kwa sababu umesikiliza bluzi miaka mitatu. Sikio lilijifunza kabla ya kichwa.

#33 Freti ya 12
Au kilijua kwa sababu C ikiwa juu ya D inakaribia ile sauti ya saba niliyoisema, na hapo hakuna sababu ya kuivuta kwenda juu. Mkavu alisema nadharia yangu inakwenda upande usio wake, lakini huenda inakwenda sawa kwenye D7 na si kwenye A7. Mkuu, rudia kipimo. Safari hii tazama mshale unapoanza na si unapoishia tu, na fanya mizunguko kumi, kwa sababu mara nne ni chache.

#34 Mkavu
Nota nne zilizonyooka, na tayari nadharia imefufuka. Mizunguko kumi, tafadhali.

#35 Kidole cha Nne
Ningeanza usiku huu, lakini katika mzunguko wa pili uzi wa tatu umekatika, palepale freti ya 5.